Hatua Moja Nyuma: Sentensi za Masharti katika Kiingereza

Sentensi ya masharti hufunga mambo mawili kwa kamba moja. La kwanza ni sharti, la pili ni tokeo, na tokeo halisimami mpaka sharti litimie. "Usipoziba ufa, utajenga ukuta" ni sentensi ya masharti iliyokamilika: kutoziba ufa ndilo sharti, kujenga ukuta ndilo tokeo. Katika Kiingereza kamba hiyo hufungwa zaidi na neno dogo "if", ambalo katika Kiingereza cha kale liliandikwa "gif". Neno lenyewe halimsumbui mtu. Mwanafunzi hulishika siku ya kwanza. Ugumu uko kwenye vitenzi vya pande mbili za sentensi, na kwa msemaji wa Kiswahili ugumu huo una sababu zinazoweza kuelezwa, kwa kuwa nyingi kati yake zinatokana na namna Kiswahili kinavyoifanya kazi hiyohiyo.

Kiswahili hulitia sharti ndani ya kitenzi. Viambishi -ki-, -sipo-, -nge- na -ngali- hubeba mzigo wote, na maneno kama "kama", "iwapo", "endapo" na "ikiwa" mara nyingi huja kusisitiza tu. "Ningalijua, ningalikuja" ni maneno mawili, na hakuna kilichopungua. Kiingereza kinahitaji manane kusema jambo hilohilo: "If I had known, I would have come." Tofauti ya idadi si kitu. Kilicho kikubwa ni kwamba pande mbili za sentensi ya Kiswahili zimebeba alama moja, -ngali- huku na -ngali- kule, kama mizani iliyolingana. Pande mbili za Kiingereza hazilingani. Upande wa sharti una "had known", upande wa tokeo una "would have come", na mtu anayezisawazisha akaandika "If I would have known, I would have come" amekosea kwa kipimo cha mtihani na cha maandishi rasmi. Kosa hilo kwa msemaji wa Kiswahili si la uzembe. Ni mizani ya Kiswahili iliyohamishiwa mahali pasipoitambua. Wapo hata wazawa wa Kiingereza, hasa Marekani, wanaosema hivyo katika mazungumzo, lakini wahariri na wasahihishaji hulikata.

Vitabu vingi vya shule huzigawa sentensi hizi katika aina nne zenye namba: aina ya sifuri, ya kwanza, ya pili na ya tatu. Mgawanyo huo unasaidia kukariri kanuni kabla ya mtihani, lakini unaficha umbo la jambo. Rodney Huddleston na Geoffrey Pullum, katika sarufi kubwa ya Kiingereza iliyochapishwa na Cambridge mwaka 2002, wanazigawa katika makundi mawili tu: masharti yaliyo wazi na masharti yaliyo mbali. Sharti lililo wazi ni lile ambalo msemaji anaona linaweza kuwa au lisiwe. Sharti lililo mbali ni lile analoliona haliko, au haliyumkini, au lilikwisha kupita bila kutokea. Msomaji wa Kiswahili anaujua mgawanyo huu tangu utotoni, maana ndio unaotenganisha -ki- na -nge-. "Nikipata pesa" ni mlango ulio wazi. "Ningepata pesa" ni mlango unaotazamwa kwa mbali.

Katika masharti yaliyo wazi, sentensi iliyo nyepesi kuliko zote ni ile ya mambo ya kawaida, yanayotokea kila mara: "If you put salt in water, it dissolves", yaani ukitia chumvi majini, huyeyuka. Pande zote mbili zina kitenzi cha wakati uliopo. Hapa Kiswahili na Kiingereza vinakwenda bega kwa bega, hata kiambishi hu- cha mazoea kinaeleza vizuri kwa nini Kiingereza hakitumii wakati ujao: hakuna kinachongojewa, ni desturi ya vitu. Karibu na hizo ni zile ambazo tokeo lake ni amri. "Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji" ina umbo hilo, na ndilo umbo linaloonekana kwenye maboksi ya dawa: "If symptoms persist, consult your doctor", dalili zikiendelea, muone daktari.

Sharti linapohusu jambo la mbeleni, ndipo kosa la kwanza linapojitokeza. Kiingereza husema "If it rains, we will stay at home." Mvua haijanyesha, ni ya kesho, lakini kitenzi chake kimewekwa katika wakati uliopo, na "will" imebaki upande wa tokeo peke yake. Msemaji wa Kiswahili anayefikiri kwa -ki- hapati shida hapa, kwa kuwa "mvua ikinyesha" nayo haina -ta-. Shida humpata anayefikiri kwa "kama". Kiswahili kinaruhusu "kama mvua itanyesha, tutabaki nyumbani", na hapo -ta- imekaa pande zote mbili bila kosa. Ikihamishwa neno kwa neno inakuwa "If it will rain", na sentensi imeharibika. Mwalimu anayewaambia wanafunzi wake waanze na "ikinyesha" badala ya "kama itanyesha" kabla ya kuandika Kiingereza anawaepusha na kosa hili kwa njia fupi kuliko kanuni yoyote ya kukariri.

Kuna mahali pawili ambapo "will" hukaa karibu na "if" kwa haki. Pa kwanza ni pale inapomaanisha hiari, si wakati. "If you will wait here, I will call the doctor" ni ombi la adabu: ukiwa radhi kusubiri hapa, nitamwita daktari. Maana hiyo ni ya kale, kwani "will" ilianza maisha yake kama kitenzi cha kutaka. Pa pili si sharti kabisa. "I don't know if the teacher will come" ina maana ya sijui kama mwalimu atakuja, na "if" hapo inauliza tu. Njia ya kuzitenganisha ni kujaribu kuweka "whether" mahali pa "if". Sentensi ikibaki na maana yake, si ya masharti, na wakati ujao unaruhusiwa.

Jambo linalostahili kutazamwa kwa makini zaidi ni tofauti kati ya "if" na "when", kwa sababu Kiswahili hakiitenganishi. Kiambishi -ki- kinabeba zote mbili. "Ukifika Mombasa, nipigie simu" inaweza kusemwa kwa mtu ambaye tiketi yake iko mfukoni na basi linanguruma, na inaweza kusemwa kwa mtu ambaye safari yake bado ni mashaka. Msikilizaji huielewa kwa hali. Kiingereza kinamlazimisha msemaji achague. "When you get to Mombasa, call me" inasema safari ipo. "If you get to Mombasa, call me" inasema huenda usifike, na ikiambiwa msafiri aliyekwisha kupanda basi inaweza kumtia hofu. Uzito wa uchaguzi huu unaonekana zaidi katika maneno ya wosia. "Nikifa, nyumba hii iwe ya watoto" ni Kiswahili cha kawaida. Katika Kiingereza mzee anayezungumza kuhusu mauti yatakayomfika kila mtu husema "when I die". Akisema "if I die", wasikilizaji watadhani anazungumzia hatari fulani iliyo mbele yake, kama upasuaji wa kesho au safari ya baharini, maana kufa kwenyewe hakuna "kama".

Masharti yaliyo wazi yanaweza pia kuhusu yaliyopita, na hapa ndipo mgawanyo wa namba nne unaposhindwa. "If he left at six, he is already in Moshi": kama aliondoka saa kumi na mbili, ameshafika Moshi. Msemaji hajui kama aliondoka au la. Sharti liko wazi, na kitenzi cha wakati uliopita kinamaanisha wakati uliopita kweli. Sentensi za namna hii husemwa kila siku, lakini mwanafunzi aliyefundishwa kwamba "if" pamoja na wakati uliopita daima ni jambo la kufikirika atazielewa vibaya. Kiswahili kinamsaidia: "kama aliondoka" si "kama angeondoka", na hakuna msemaji anayezichanganya.

Sasa masharti yaliyo mbali. Kanuni yake inaweza kusemwa kwa sentensi moja: Kiingereza kinapotaka kuonesha kwamba jambo haliko, hukirudisha kitenzi hatua moja nyuma katika wakati. Jambo la sasa au la kesho likiwa la kufikirika tu, kitenzi chake huvaa vazi la wakati uliopita. Jambo la jana likiwa halikutokea, kitenzi chake hurudi nyuma zaidi, kwenye "had". Upande wa tokeo nao hurudi hatua hiyohiyo: "will" inakuwa "would", na kwa yaliyopita inakuwa "would have". Aliyeishika kanuni hii hahitaji tena kukariri aina ya pili na ya tatu kama vitu viwili vya kigeni.

"If I had a car, I would drive to Dodoma" ni mfano wa hatua ya kwanza. "Had" hapa haina uhusiano wowote na jana. Msemaji anazungumzia sasa, na anachosema ni kwamba gari hana. Kiswahili chake ni "ningekuwa na gari, ningeendesha hadi Dodoma." Umbali unaooneshwa na kitenzi ni umbali wa kutoka kwenye hali halisi, si wa kalenda.

Kwa nini wakati uliopita ndio uliopewa kazi hii? Kiingereza kilichozungumzwa kabla ya uvamizi wa Wanormani wa mwaka 1066 kilikuwa na maumbo maalumu ya vitenzi kwa mambo ya kufikirika, ya kutamani na ya mashaka, yakiwa mbali na maumbo ya mambo halisi. Karne zilivyopita, miishio ya vitenzi ilidhoofika katika matamshi, na umbo la kufikirika la wakati uliopita likafanana na umbo la kawaida la wakati uliopita hadi yakawa kitu kimoja. Kitenzi kimoja tu kilibaki na kovu la zamani: kitenzi cha kuwa. Ndiyo maana Kiingereza rasmi husema "If I were you" na "If she were here", na si "was", ingawa nafsi ni moja. "Were" hiyo si ya wingi. Ni mabaki ya umbo la kale. Katika mazungumzo watu wengi siku hizi husema "If I was", na hawachukuliwi kuwa wamekosea sana, lakini "If I were you" yenyewe imekaa kama msemo, na barua ya kuombea kazi inafaa iwe na "were".

Matumizi ya umbali kwa maana nyingine hayapaswi kumshangaza msemaji wa Kiswahili, maana naye hufanya hivyo bila kufikiri. Anayeingia dukani akasema "ningeomba sukari kilo moja" hana sharti lolote kichwani. Ametumia -nge- ili asionekane anaamuru. Kiingereza hufanya vivyo hivyo kwa "I would like" na "Could you help me". Umbali wa kutoka kwenye hali halisi umegeuzwa kuwa umbali wa heshima, na lugha hizi mbili, zisizo na undugu wowote wa asili, zimekutana hapo.

Uchaguzi kati ya sharti lililo wazi na lililo mbali uko mikononi mwa msemaji, na humfichua. Mgombea anayesimama jukwaani husema "If I become president, I will build roads." Akisema "If I became president, I would build roads", amewaambia wapigakura kwamba hata yeye mwenyewe haamini. Hali ni hiyohiyo kwa kijana aliye mbele ya jopo la usaili. "If you hire me, I will work hard" inaacha mlango wazi. "If you hired me, I would work hard" ina adabu zaidi lakini inajiweka mbali. Hakuna sarufi inayomwambia achague ipi. Sarufi inamwambia tu atasikikaje.

Hatua ya pili nyuma ni ya mambo yaliyokwisha kupita. "If she had caught the first bus, she would have arrived by noon." Hakulipata basi la kwanza na hakufika kabla ya adhuhuri, yote mawili yamesemwa bila kusemwa. Hii ndiyo nguvu ya pekee ya sentensi hizi: hugeuza ukweli kinyume. Upande ulio na "had" bila "not" unamaanisha halikutokea, na ulio na "had not" unamaanisha lilitokea. "If the driver had not been tired" inatangaza kwamba dereva alikuwa amechoka. Msomaji wa ripoti ya ajali asiyelitambua geuzo hilo atatoka na habari iliyo kinyume cha iliyoandikwa.

Kiswahili Sanifu kina chombo cha kuzitenganisha hatua hizi mbili. Vitabu vya sarufi, tangu kile cha E. O. Ashton cha mwaka 1944 na vilivyofuata, vinaeleza -nge- kuwa ya jambo ambalo bado linaweza kufikirika sasa, na -ngali- kuwa ya jambo ambalo nafasi yake imepita. Lakini katika mazungumzo ya leo, na magazetini pia, -nge- imechukua nafasi zote mbili. "Mgonjwa angefika mapema, angepona" inaweza kusemwa juu ya mgonjwa aliye kitandani na juu ya mgonjwa aliyekwisha kuzikwa. Kiingereza hakiruhusu hali hiyo ya kati. Ama ni "If the patient came early, he would recover", na mgonjwa bado yuko hai, ama ni "If the patient had come early, he would have recovered", na nafasi imekwisha. Mfasiri anayekutana na "angepona" hana budi kutafuta kwanza habari za mgonjwa. Hili ni jambo la kusikitisha kidogo, kwa sababu anayeitunza -ngali- katika Kiswahili chake tayari ana nusu ya somo la Kiingereza mkononi, na anayeiacha anaanza upya.

Upande wa tokeo hauna "would" peke yake. Una pia "could" na "might", na tofauti kati yao ni nzito kuliko inavyodhaniwa. Muuguzi akiandika katika taarifa kwamba "the child would have survived", amesema mtoto angalipona, bila shaka. Akiandika "the child could have survived", amesema uwezekano wa kupona ulikuwepo. Akiandika "the child might have survived", amesema huenda angalipona, na huenda asingalipona. Mbele ya hakimu maneno haya matatu ni mashahidi watatu tofauti. Wanafunzi hufundishwa "would" kwanza na wengi hubaki nayo maisha yote, wakisema kwa uhakika mambo ambayo hawana uhakika nayo.

Pande mbili za sentensi si lazima ziwe za wakati mmoja. Jambo la zamani huzaa hali ya sasa: "If my father had bought that plot, we would be rich now", baba angalinunua kiwanja kile, sasa tungekuwa matajiri. Na hali ya kudumu hueleza jambo la zamani: "If I were not afraid of the sea, I would have gone with them to Pemba." Vitabu huziita sentensi mchanganyiko na kuziweka mwisho wa sura kana kwamba ni adimu. Si adimu. Majuto mengi ya binadamu yana umbo hili, kosa la jana na maumivu ya leo. Aliyeshika kanuni ya hatua nyuma atazitengeneza mwenyewe kwa kuupima kila upande kivyake: jambo hili ni la sasa au la zamani, na lipo au halipo?

Sikio nalo lina mtihani wake. Katika mazungumzo "had" na "would" zote hufupishwa kuwa sauti moja ya "d", kwa hiyo "If I'd known, I'd have told you" ina "d" mbili zisizo ndugu: ya kwanza ni "had", ya pili ni "would". Zinatambulika kwa kitenzi kinachofuata. Kikiwa katika umbo la tatu, kama "known" au "gone", "d" ni "had". Kikiwa katika umbo la msingi, kama "know" au "go", ni "would". "Would have" nayo hutamkwa haraka hadi isikike kama "would of", na watoto wa Waingereza wenyewe huiandika hivyo shuleni wakasahihishwa. Anayejifunza Kiingereza kwa filamu na nyimbo afahamu kwamba "of" hiyo haipo.

"Unless" ni "if" na "not" ndani ya neno moja, na ndugu yake wa karibu ni -sipo-. "Usipolipa kodi, utahama" ni "Unless you pay the rent, you will have to move out." Kosa linalojirudia ni kuongeza ukanushi wa pili, "unless you don't pay", kwa sababu katika Kiswahili -si- inaonekana wazi ndani ya kitenzi, ilhali katika "unless" ukanushi umejificha. Lakini "unless" haichukui nafasi ya "if not" kila mahali. "I will be surprised if he doesn't win" haiwezi kuandikwa kwa "unless", maana kutoshinda ndiko hasa kunakoleta mshangao. "Unless" hutaja jambo litakalozuia tokeo, haitaji chanzo chake.

"In case" pia huwapotosha wengi. "Take an umbrella in case it rains" haina maana ya mvua ikinyesha ndipo uchukue mwavuli. Ina maana ya uchukue sasa, mvua isije ikakukuta njiani, na -sije- ya Kiswahili inaifasiri barabara. Lakini bango lililo ukutani kwenye jengo la ghorofa likisema "In case of fire, use the stairs", maana imebadilika: moto ukitokea, tumia ngazi. Kiungo "of" ndicho kilichobadilisha maana, na si busara kungoja moto ndipo kujifunza tofauti hiyo.

Vipo pia "provided that" na "as long as", yaani mradi, na "even if", yaani hata kama, ambavyo havina matata. Kuna namna moja ya "if" inayopendeza isiyo na sharti la kweli. Mwanafalsafa J. L. Austin wa Oxford aliizungumzia katika mhadhara wake wa mwaka 1956. "There is tea in the flask if you want some" haimaanishi kwamba chai itatoweka usipoitaka. Chai ipo kwa vyovyote. Sharti ni la ukarimu tu. Kiswahili husema "chai ipo kwenye chupa ukihitaji", na hakuna mgeni aliyewahi kuielewa vibaya.

Majuto na matamanio hufuata kanuni ileile ya hatua nyuma. "If only I had known" ni laiti ningalijua. "I wish I knew" ni kutamani kujua sasa. "I wish I had known" ni kutamani kwamba mtu angalijua wakati ule. Neno "wish" liko katika wakati uliopo, lakini kinachotamaniwa hakipo, kwa hiyo kitenzi chake kinarudi nyuma.

Mpangilio wa pande mbili ni huru. Sharti likitangulia, koma huwekwa kabla ya tokeo. Tokeo likitangulia, koma kwa kawaida haihitajiki. Sharti linaweza kurefushwa kadiri pumzi inavyoruhusu. Rudyard Kipling alichapisha mwaka 1910 shairi lenye jina la neno hilo moja, "If", na mistari yake yote 32 ni sentensi moja: masharti yanafuatana beti baada ya beti, na msomaji anangoja tokeo hadi mwishoni kabisa.

Umbo la mwisho ndilo linalopatikana zaidi kwenye karatasi rasmi, na humkamata mtu asiyelitarajia. Kiingereza rasmi kinaweza kuliondoa "if" na badala yake kukitanguliza kitenzi kisaidizi mbele ya mtendaji. "If I had known" inakuwa "Had I known". "If the company were to close" inakuwa "Were the company to close". "If you should need help" inakuwa "Should you need help". Kwa macho ya haraka sentensi hizi zinafanana na maswali, kwa kuwa Kiingereza huuliza kwa kugeuza mpangilio huohuo. "Should the tenant fail to pay rent for two months, the landlord may end this agreement" haimuulizi mpangaji kitu. Inamwambia kwamba akishindwa kulipa kodi ya miezi miwili, mwenye nyumba ana haki ya kuvunja mkataba. Anayepewa mkataba wa nyumba, wa kazi au wa mkopo ulioandikwa kwa Kiingereza, akikuta sentensi inayoanza na "should", "were" au "had", na mwisho wake kuna nukta badala ya alama ya kuuliza, asitie saini kabla hajairudishia "if" yake na kuisoma upya.